Rangi ya Nyumba ya Ziwani

Washington, 9 Juni 1994

Mdogo wangu Ardith,

Nakusalimu wewe na shemeji yangu Denzil, nikitumaini maharage yamekwisha ota na mvua haijayaozesha. Mwambie Denzil asishike jembe kwa kunikomoa mimi. Akae barazani na mtungi wake wa oksijeni, afanye kazi anayoiweza kuliko sisi sote, yaani kuwakosoa wanaolima. Mimi ni mzima. Goti linalalamika mvua ikikaribia, na tangu mke wangu Lorena afariki nakula chakula cha mkebe kama askari, lakini asubuhi naamka.

Lililonifanya nishike kalamu umeshalisoma gazetini. Wiki iliyopita wamenishtaki. Wanasema watu kadhaa wa huko nyumbani waliokuwa wakilipwa mshahara wa ofisi yangu ya ubunge hawakuwa wakifanya kazi za ofisi. Ni mambo ya makaratasi, Ardith. Nimekaa katika Bunge hili miaka ishirini na minane, kanuni za ofisi zimebadilishwa kama shuka za hoteli, na sasa mwendesha mashtaka mmoja mwenye nywele za mafuta anatafuta jina. Uenyekiti wa kamati nimeuacha siku ileile, ndivyo taratibu zinavyotaka. Nyundo yangu ya mwenyekiti amekabidhiwa mtu asiyeweza kuongoza hata kikao cha kuchagua mapazia.

Wakili wangu, Bwana Prentiss, amenikataza kuzungumza na ndugu kwenye simu. Anataka watu wema wamwandikie Jaji Hallam, ili ajue ni nani anayesimama mbele yake. Barua yako ningependa iwe juu ya zote. Wewe ni damu yangu, tena ni mwalimu wa uraia, na wilaya nzima inajua kwamba humsifu mtu bure. Eleza tu jinsi nilivyompatia Denzil malipo yake ya mapafu yaliyoharibiwa na vumbi la makaa. Ukurasa mmoja unatosha.

Kaka yako,
Hobart


Tansy Fork, West Virginia, 27 Juni 1994

Kaka Hobart,

Salamu zimefika na maharage yameota. Nilimsomea Denzil maneno yako barazani. Akavuta pumzi mbili za mtungi kisha akasema, "Mwambie mheshimiwa, mara ya mwisho yeye kuchimba ardhi alikuwa anazindua shule, na sepetu ilikuwa ya dhahabu." Basi ujue ni mzima.

Huku watu wote wanaandika. Ukumbi wa zimamoto umegeuka chumba cha mtihani. Bibi Icie Blankenship anapiga mistari kwa rula kabla ya kuandika neno moja. Jana alikuja Junior Stollings, ambaye nilimfelisha uraia mara mbili na bado ananiita mwalimu, akiwa amevua kofia.

"Mwalimu, jaji akiwa mwanamke anaandikiwaje?"

"Kama jaji."

"Na nikimwambia ukweli wote, mwanzo mpaka mwisho?"

"Ndiyo kazi yake, Junior, kuambiwa ukweli wote."

Akaondoka amefurahi, kana kwamba nimempa alama za kufaulu.

Picha yako bado iko darasani kwangu, kati ya bendera na ramani. Nina likizo nzima ya kuitafakari. Nami nina swali moja tu. Junior alikuwa akilipwa kwa kazi gani? Miaka miwili alitutambia kwamba ana kazi ya serikali, na miaka miwili sikumwona hata mara moja kwenye ofisi yako ya hapa mjini, ambayo iko mkabala na dirisha la darasa langu. Nijibu hilo, kisha tuendelee na mengine.

Ardith


Washington, 20 Julai 1994

Ardith mpendwa,

Joto limeushika mji huu kama homa, na wabunge wanakaa ndani yake na tai shingoni, kwa hiyo usishangae sheria zinazotoka. Mwambie Denzil ile sepetu ilikuwa chuma kitupu kilichopakwa rangi. Dhahabu ilikuwa ya kupigia picha tu.

Barua zinamiminika. Prentiss anasema hajawahi kuona upendo wa namna hii. Jaji anazisoma, na nakala hupewa pande zote mbili. Nami kila nikilala nakumbuka mwaka 1966, nilipopita bonde kwa bonde nimevaa viatu vya baba, nikiwaambia watu kwamba mimi ni mtoto wa mchimba makaa na siwezi kusahau njia ya kurudi. Hawakuwa na daraja la magari. Mama mwenye uchungu alivushwa mto kwenye daraja la kamba, amefungwa kwenye kiti. Hawakuwa na zahanati. Mchimbaji aliyekosa pumzi alipewa saa ya ukutani na mkono wa kwaheri. Leo daraja lipo, zahanati ipo, sheria ya mapafu ipo. Jina langu liko kwenye daraja na zahanati kwa sababu watu wenyewe waliomba. Katika ofisi iliyofanya yote hayo, nani alikuwa na nafasi ya kuangalia nani kashika kalamu na nani kashika brashi?

Junior ni mtu mwema, ana watoto wanne, na mgodi wake ulifungwa. Nilimsaidia. Jibu ndilo hilo.

Umeshaandika?

Hobart


Tansy Fork, 3 Septemba 1994

Kaka Hobart,

Hatujambo. Nyanya zimekuwa nyingi kuliko mikebe, shule zimefunguliwa, na Denzil alitembea mpaka kwenye sanduku la posta na kurudi bila kusimama. Alirudi amejaa maringo kama amepanda mlima.

Sikutaja brashi. Nilikuuliza kuhusu kazi, wewe ukanijibu brashi. Nitaiweka pembeni kwa sasa, maana umenitajia viatu vya baba, na hapo umenigusa pabaya.

Baba alikufa kwa makaa yaliyokuwa kifuani mwake. Daktari wa kampuni akaandika kwamba ni tumbaku, na baba hakuwahi kuvuta hata sigara ya kuazima. Ulisimama kaburini ukaapa, nami nilikushika mkono. Ukaenda, ukaipigania ile sheria ukiwa kijana usiyejulikana na mtu, na kwa hilo nitakusifu mpaka nizikwe. Lakini nisikilize sasa. Denzil alichimba makaa miaka thelathini na moja. Madai yake yalilala miaka minne. Alikataa katakata kuja kwako, akasema hawezi kumwomba shemeji pumzi. Nikaja mimi. Jumamosi moja, siku yako ya kupokea watu, nikachukua chupa ya jemu ya tufaha, kama walivyofanya wote, nikapanga foleni katika ofisi ya ndugu yangu wa tumbo moja. Ulinikumbatia mbele ya watu ukaipokea jemu. Wiki chache baadaye malipo yakaanza. Nililia kwa furaha. Halafu siku moja nikiwa nafuta ubao nikajiuliza: miaka minne yote ile yalikuwa wapi? Kama yalitoka kwa simu yako moja, basi yalikuwa tayari. Haki ya Denzil ilikuwa imekaa mahali inanisubiri nilete jemu.

Umewazoesha watu wazima, waliovunja migongo yao chini ya ardhi, kusimama na chupa za achari mkononi wakiomba kilicho chao. Ukawapa chao kwa tabasamu, wakakushukuru, wakakupigia kura. Wilaya nzima hakuna anayejua kudai kitu ofisi yoyote bila kupitia kwako, na wewe hujawahi kumfundisha hata mmoja. Ungewafundisha, nani angekuja Jumamosi? Hivi ndivyo kijana wa viatu vikubwa alivyogeuka bwana mkubwa, na hakuna mwendesha mashtaka atakayekusomea shitaka hilo. Nimekusomea mimi.

Bibi Icie ananiuliza kila siku kama nimemwandikia jaji. Nikimwona anakuja nakwenda kuchuma nyanya.

Ardith


Tansy Fork, 16 Oktoba 1994

Kaka Hobart,

Hujanijibu, na uchaguzi uko mlangoni, kwa hiyo nitajifanya umenisalimia na mimi nimeitikia. Denzil anakohoa, ila anakula. Milima imeshika rangi nyekundu ambayo ungelipia kuiona.

Juzi wanaume wawili wenye suti, watu wa mwendesha mashtaka, walikwenda kwa Junior Stollings. Walikuwa na nakala ya barua yake. Nimeisoma, Hobart. Ni barua nzuri kuliko zote alizowahi kuandika, na ni ya upendo kuanzia juu mpaka chini. Anamwambia jaji kwamba mgodi ulipofungwa ulimpa kazi ya serikali, ukamwacha aipake rangi nyumba yako ya ziwani miaka miwili, na hukumkimbiza hata siku moja. "Mtu mwingine angenisimamia," kaandika. "Yeye alikuja na sandwichi."

Wala hayuko peke yake. Ukumbi wa zimamoto jana ulikuwa kama msiba. Wanaume wamekaa, hakuna anayemtazama mwenzake. Bibi Icie ndiye aliyekuwa akisema.

"Mimi niliandika tu kwamba mjukuu wangu aliitunza mashua yake vizuri. Kutunza mashua ni dhambi?"

"Alilipwa na nani, mama?" nikamwuliza.

"Na serikali."

"Na mashua ilikuwa ya nani?"

"Ya Hobart. Serikali haina mashua?"

Hakuna aliyecheka. Watu wako wamekupenda mpaka wamekufunga kamba. Hawakuona kosa la kuficha, kwa sababu ulivyowalea, mshahara wa serikali, mfuko wako na fadhila yako vilikuwa kitu kimoja.

Jioni Junior alikuja mlangoni. Hakutaka kuingia.

"Mwalimu, nimemfunga Hobart?"

"Umesema kweli, Junior."

"Nilidhani kweli itamsaidia."

Nikamfungia mkate wa mahindi aende nao. Labda wewe una la kumwambia. Mwandikie.

Ardith


Washington, 11 Januari 1995

Ardith,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Denzil. Nimepokea soksi ulizofuma na nimezivaa. Nisamehe kimya. Unajua nimeshindwa uchaguzi. Bonde letu peke yake ndilo lililonipigia kura kwa wingi, na sijui nifurahi au nijifiche. Ofisi nilishaifungasha mwezi uliopita. Walinipa maboksi na wakanipa mwisho wa wiki mmoja wa kuhama. Nyuma ya kabati nilikuta chupa yako ya jemu ya tufaha. Sikuwahi kuifungua.

Kesi ni Machi. Prentiss anasema zile barua zimetuumiza, lakini anaona njia. Njia ni Junior. Zamani alikuwa mlevi, kila mtu anajua. Aliwahi kusahau jina la mtaa wake mbele ya polisi. Prentiss akimpata kizimbani kwa muda mfupi tu, atamfanya aonekane mtu asiyejua alifanya nini, lini, kwa nani. Akianguka yeye, na wengine wanaanguka. Prentiss ameifanya kazi hiyo mara nyingi. Anasema haina chuki ndani yake.

Sikuulizi ushauri. Nakupa habari tu.

Barua yako sijaiona katika zile za jaji. Nimezitazama zote.

Hobart


Tansy Fork, 15 Januari 1995

Hobart,

Salamu za Denzil zipo. Zangu subiri.

Unasema huniulizi ushauri. Asiyetaka ushauri hanunui stempu.

Junior hajagusa pombe miaka saba. Aliacha kwa kukaa kwenye baraza langu jioni baada ya jioni akila mkate wa mahindi na maziwa, mikono inamtetemeka, na Denzil akimhadithia uongo wa mgodini mpaka usingizi umshike. Akamwandikia jaji kwa ajili yako kwa mkono ule ule, neno moja moja, kwa kuwa alikupenda. Na sasa unataka umvue nguo mbele ya watoto wake wanne ili wewe ubaki na zako. Kama haina chuki ndani yake, niambie ina nini.

Baba aliitwa mvuta tumbaku na mtu aliyevaa suti, kwa sababu ukweli wa kifua chake uliigharimu kampuni. Ulikuwepo. Ulisikia. Usithubutu kumfanyia Junior hivyo hivyo halafu ukaja kusimama kwenye kaburi lile siku ya kuweka maua.

Umenisubirisha na mimi nimekusubirisha, basi leo nakwambia wazi. Ukimruhusu Prentiss afanye hivyo, nitamwandikia jaji siku hiyo hiyo. Usipomruhusu, nitamwandikia pia. Barua yangu utaipata. Itakachosema ni juu yako.

Ifungue hiyo jemu. Haiharibiki.

Ardith


Washington, 20 Machi 1995

Mdogo wangu Ardith,

Natumaini theluji imeyeyuka na Denzil ametoka nje. Nimeishi mwezi huu kwa jemu ya tufaha na mkate wa dukani. Ulitia mdalasini mwingi kama mama.

Jumatatu iliyopita nilisimama mahakamani. Prentiss alikuwa amepanga karatasi zake, na Junior alikuwa amekaa benchi la nyuma amevaa suti ya mazishi, mikono kwenye magoti. Hakunitazama. Nikaona viatu vyake. Alikuwa amevipaka kiwi mpaka kwenye soli, Ardith. Amepaka soli za viatu kwa ajili ya kuja kunisaidia.

Nikamwambia Prentiss nakiri. Akanishika koti. Nikalivua koti nikamwachia. Jaji Hallam akaniuliza kama najua ninalolifanya, nikasema kwa mara ya kwanza katika muda mrefu najua. Kisha akaniuliza, "Aliyoyaandika Bwana Stollings ni kweli?"

"Ni kweli, mheshimiwa, ila kuna jambo amelisahau."

Prentiss akafumba macho.

"Aliipaka nyumba ile mara mbili. Kwanza aliipaka kijani. Sikuipenda, nikamwambia aikwangue aanze upya kwa bluu. Yote kwa mshahara wa serikali."

Watu walicheka. Jaji hakucheka, aliandika. Lakini Junior aliinua uso, akasema kutoka kule nyuma, bila kuombwa, "Kijani ilikuwa nzuri zaidi." Wakamnyamazisha. Wakati wa kutoka alinipa mkono. Sikuwa na hotuba. Mimi, Hobart Estep, sikuwa na hotuba.

Hukumu itasomwa kiangazi. Sikuombi kitu. Kama kalamu yako imekauka, nitaelewa.

Hobart


Tansy Fork, 23 Aprili 1995

Kaka Hobart,

Sasa pokea salamu zangu. Nilikuwa nimezishikilia tangu Januari na zilianza kuwa nzito.

Jana ilikuwa karamu yetu ya kila mwaka ya vitunguu pori ukumbini. Tumekula viazi, nyama ya nguruwe na vitunguu mpaka wilaya nzima inanuka, na kesho sina mwanafunzi atakayekaa karibu na mwenzake. Kiti chako cha mbele kilibaki wazi muda mrefu. Kisha Denzil akakiburuta na mtungi wake, akakaa, akasema, "Ubunge una kiti kigumu." Watu walicheka kwa mara ya kwanza tangu Oktoba.

Nimemwandikia Jaji Hallam. Nakala ndiyo hii, uisome ukiwa umekaa:

"Mheshimiwa Jaji, mimi ni dada yake Hobart Estep na nafundisha uraia. Umepata barua nyingi zinazokuomba umhurumie kwa sababu ya aliyotufanyia. Naomba usiyahesabu. Daraja lilijengwa kwa kodi zetu. Malipo ya mapafu ya mume wangu yalinunuliwa kwa mapafu ya mume wangu. Ndugu yangu alitupa vilivyo vyetu, akatuacha tuamini kwamba ni vyake. Kwa hilo hakuna kifungu cha sheria, lakini nakuomba ulijue.

Ujue pia hili. Alipoweza kujiokoa kwa kumdhalilisha mtu mnyonge, hakufanya. Nilikuwa tayari kukuandikia barua nyingine kabisa.

Mfunge kadiri ya sheria. Sitakuomba umpunguzie siku. Ila hakuna mtu hai anayejua njia za ofisi za serikali kuliko yeye, mlango upi unafunguka na karani gani anajibu. Ujuzi huo aliukalia miaka ishirini na minane. Akishatumikia kifungo, tafadhali mwamuru aje ukumbi wetu wa zimamoto kila Jumamosi atufundishe, mpaka siku ambayo hatutamhitaji. Mimi nitakuwa pale kuhakikisha hapokei jemu."

Ndiyo hiyo. Nilipomsomea Denzil akasema, "Umemwomba jaji amfunge Hobart maisha." Nikamwambia, ndiyo, lakini nyumbani.

Ardith


Gereza la shirikisho, Pennsylvania, 6 Agosti 1995

Ardith, mdogo wangu,

Nakusalimu kutoka mahali ambapo barua husomwa kabla ya kuondoka, kwa hiyo namsalimu na anayeisoma. Afya ni nzuri. Denzil ataona raha kusikia kwamba naosha masufuria, na kwamba kuna mtu amesimama nyuma yangu akinikosoa.

Miezi kumi na saba. Umesikia. Lakini hukuwepo jaji alipoisoma barua yako kwa sauti, neno kwa neno, na sijui kama waliyaandika yote magazetini. Alipofika kwenye jemu alisimama kidogo akanywa maji. Kisha akasema hajawahi kuletewa ombi lenye akili kama hili, na ameliweka katika hukumu: nikitoka, Jumamosi zangu ni za ukumbi wa zimamoto, mwaka mzima, chini ya usimamizi. Nilipoisikia ikisomwa mbele za watu nilikasirika. Nakwambia kweli. Nilitaka dada, nikapata mwalimu. Nilikaa na hasira hiyo Juni yote, ndiyo sababu hukupata barua yangu.

Hapa naitwa Estep. Napanga foleni ya chakula, ya sabuni, ya daktari. Mwanzoni nilikuwa nasimama pembeni, nikisubiri mtu aniite mbele. Hakuna aliyeniita.

Mzee mmoja wa Ohio alinijia wiki iliyopita. Mke wake amenyimwa pensheni. Akasema, "Wewe ulikuwa mkubwa, niandikie barua, uweke jina lako." Mkono ukaenda kwenye kalamu wenyewe. Nikauzuia. Nikamwambia akae, aandike yeye, nami nimwonyeshe pa kuanzia. Alinitukana. Alirudi siku ya pili. Imechukua muda mrefu kuliko kama ningeandika mimi, na barua yenyewe ina makosa, lakini ulipaswa kuona alivyoilamba bahasha.

Nitumie maswali ya watu wa huko. Yale magumu.

Hobart


Tansy Fork, 17 Novemba 1996

Kaka Hobart,

Shule zimefungwa kwa wiki ya kuwinda kulungu, wanaume wote wako msituni na mji umebakiwa na wanawake na Denzil. Hapumui vizuri kama mwaka jana, sitakudanganya, lakini bado anachagua anachokula na bado hakipendi. Anasema atakusubiri, kwa kuwa ana mambo ya kukukosoa aliyoyapanga kwa mfuatano.

Umeuliza mara tatu jinsi Jumamosi tulizozianza ukumbini bila wewe zinavyokwenda na mara tatu nimekujibu kwa habari za hali ya hewa. Sikutaka kukupa tumaini kabla ya wakati. Sasa nakupa.

Majibu yako ya mwaka mzima kwa maswali tuliyokutumia tumeyatumia mpaka karatasi zimelegea. Mwanzoni walikuja kwa ajili yako, walitaka kujua Hobart kasema nini. Bibi Icie alileta achari, nikamrudishia, akanuna mwezi mzima. Kisha mambo yakabadilika taratibu. Anayeongoza sasa ni Junior. Usicheke. Mtu aliyeshindwa uraia mara mbili anawaelekeza wenzake jinsi ya kukata rufaa, kwa sababu anaifafanua polepole, kama alivyoielewa yeye mwenyewe. Wajane watatu wamelipwa. Hakuna aliyempigia mtu simu. Mmoja wao alipopata bahasha yake alisimama ukumbini akatafuta wa kumshukuru, akageuka huku na huku, na hakumpata. Akakaa. Kisha akaanza kucheka, na sisi sote tukacheka naye. Nimefundisha uraia miaka thelathini na sikuwahi kuuona mpaka asubuhi ile.

Jumamosi iliyopita, Hobart, walikuja watu wengi kuliko viti. Tulianza saa tatu tukamaliza mchana. Nilikuwa nafunga mlango ndipo nikatambua kwamba muda wote huo hakuna aliyelitaja jina lako. Nilidhani nitaumia kwa ajili yako. Nimekuandikia ili uniambie kama unaumia, ingawa nafikiri najua.

Jina lako kwenye daraja bado lipo, usiniulize. Wataliamua wao, na safari hii wanajua pa kuandika. Picha ya darasani niliitoa, nikaweka ile ya mwaka 1966 ukiwa umevaa viatu vya baba. Wanafunzi wanadhani ni mtu mwingine.

Utatoka Desemba. Denzil hawezi safari ndefu, kwa hiyo atakayekuja kukuchukua langoni ni Junior. Ameomba mwenyewe, na ameshafua lile koti la mazishi. Jumamosi utakaa nyuma, kwenye viti vya kukunja, mpaka mtu akuulize kitu. Huenda ikachukua muda. Usilete hotuba.

Kitu kimoja zaidi. Ukumbi unapakwa rangi upya kwa michango ya watu, na kazi kapewa Junior, kwa malipo halali. Aliniuliza kama tukusubiri wewe uchague rangi. Nikamwambia hapana.

Amepaka kijani. Ni nzuri sana.

Dada yako,
Ardith